Pembe Mbili za Kitambaa

Siku tatu baada ya kuondoa matanga ya mama tulifungua sanduku lake la bati, lile lililokaa chini ya kitanda tangu kabla sijazaliwa, ambalo utotoni nililifungua mara mbili kwa siri na mara zote mbili nikachapwa. Tulikuwa watatu chumbani, kule kwetu Musienene: Paluku, mdogo wangu anayenifuata, mwenye duka la misumari na mabati mjini Butembo, Kakule, kitinda mimba wetu, aliyepanda kutoka mjini kwa pikipiki na kufika na matope hadi kiunoni, na mimi Masika, kifungua mimba, mkunga wa miaka mingi na mtu wa kuchungulia tangu nilipojua kutembea. Kambale, anayemfuata Paluku, alikuwa Beni, na wiki ile barabara haikuwa ya kupita, kwa hiyo alituachia kazi yote na maagizo mengi kwenye simu. Ndani ya sanduku kulikuwa na vikwembe, yaani vitenge, ambavyo mama hakuwahi kuvivaa, rozari tatu, kadi zetu za ubatizo, na chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo mawili, kitambaa cheupe cha kumfunikia mtoto mchanga. Kakule ndiye aliyekikunjua. Mke wake alikuwa amejifungua mtoto wao wa kwanza mwezi uliopita, na siku hizo Kakule alikuwa akitazama kila kitu duniani kwa macho ya kujua kama kitamfaa mtoto wake.

"Yaya, hii ni muzuri sana," aliniambia mimi dada yake mkubwa. "Niipelekee mutoto?" Kisha akaona herufi za uzi wa buluu pembeni, akazisoma polepole. "Kasereka. Mais, Kasereka aliishi siku mbili tu. Mama alituambia hakuvalaka nguo hata moja, balimufunika na kikwembe yake. Sasa hii nani alishona?"

"Ni miye," nikamjibu. "Na nilikushonea weye."

Akacheka, akidhani namtania. Kwetu mtoto hupewa jina kwa zamu yake ya kutoka tumboni mwa mama. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Na akifa, anaondoka na zamu yake, anayemfuata hairithi. Ndiyo maana Kakule alijua tangu utoto kwamba kati yake na Kambale kulikuwa na mmoja. Ambacho hakujua, na ambacho sikuwahi kumsimulia mtu, ni jinsi dada yake, tena msomi wa uzazi, alivyokosea hesabu ya watoto wa mama yake mwenyewe. Ili nimjibu ilinibidi nikae kitandani, nirudi kwenye mwaka wangu wa kwanza wa chuo kule Beni.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya nyumba ya mjane mmoja Mprotestanti aliyetukataza kuimba nyimbo za bendi, kuleta wageni na kumwaga maji ya samaki mlangoni. Kati yetu na jiko lake kulikuwa na ukuta wa mbao tu, kwa hiyo tulisikia kila alichomwambia Mungu na kila alichowaambia kuku. Niliishi humo na Kahindo, msichana wa Mabalako, mcheshi, mwenye mikono mirefu na maneno makali, ambaye baba yake alikuwa na shamba la kakao. Nilikuwa nimekuja na mablanketi mawili kutoka kwenye baridi yetu, na usiku wa kwanza Kahindo aliyatazama, akatazama jasho langu, akayatandika sakafuni yawe zulia. Tulipika kwenye mbabula moja, jiko la makaa: bugali ya muhogo, sombe ya majani ya muhogo yenye mawese mengi kama walivyopenda kwao, lengalenga, yaani mchicha, siku ambazo hatukuwa na kitu kingine. Nilikula, nikanenepa hata, lakini nilikuwa na hamu ya viazi vya kwetu mpaka nikawa naviota. Na nilikuwa na hamu ya habari. Nyumbani nilizoea kujua nani kagombana na nani kabla wenyewe hawajamaliza kugombana. Beni sikumjua mtu, na kutojua kulinichosha kuliko masomo.

Kwa hiyo Jumapili ilikuwa sikukuu yangu mara mbili. Baada ya misa mama alipanda kilima nyuma ya kanisa, mahali pekee simu iliposhika, na Paluku alimshikia simu ya katekista karibu na sikio, kwa kuwa mama hakuiamini mikono yake na chombo cha watu. Alipiga kelele, maana Beni ni mbali. Na alikuwa na mpango wake ambao hakuuvunja: kwanza shamba, halafu wanyama, halafu parokia, halafu watu, na mwisho maua.

"Masika? Unanisikia? Minaanza. Viazi tumetoa, imetoka muzuri, lakini panya bamekula upande ya chini. Mbuzi ya baba yako imekula sabuni, iko inakohoa povu. Kwaya bamegombana juu ya nani atasimama mbele. Kambale amepata douze tu, kumi na mbili, kwa hesabu, anasema mwalimu ndiye mubaya. Paluku, shika simu muzuri! Baba yako ameenda Kirumba na maharage, atarudi Alhamisi. Maua imetoa ingine mbili. Siye tuko. Unakula?"

Nilikuwa na daftari maalumu la habari hizo. Niliandika huku akisema, na jioni nilimsomea Kahindo, ambaye baada ya mwezi mmoja alikuwa akiulizia mbuzi wa baba kabla ya kuuliza afya ya baba mwenyewe. Maua yalikuwa habari mpya katika orodha. Mama hakuwa mtu wa kupanda kitu kisichoingia chunguni. Lakini mwaka uliotangulia, niliporudi kutoka lisé, sekondari ya bweni ya masista, baada ya mtihani wa serikali, nilikuta nyuma ya jikoni, chini ya mti wa avoka, kitalu kidogo cha maua mekundu ya aina ile ya parokiani, kimezungushiwa mawe. Nilimwuliza yamekuja kufanya nini pale. "Minajaribu tu," alijibu, akaendelea kupepeta maharage. Mimi ninayejisifu kwamba hakuna kinachonipita, hicho nilikiruka na kwenda kuangalia kama kuna ndizi zilizoiva.

Baada ya Krismasi habari za Jumapili zikaanza kunipa kazi. Paluku ndiye sasa anayechota maji. Mama hapandi tena kilimani, anapigia simu barabarani karibu na kinu cha muhogo, ambapo sauti hukatika na mashine inanguruma. Kwenye kwaya ameachia wengine mstari wa mbele, anakaa na mabibi kwenye benchi. Kila jambo peke yake lilikuwa dogo, ila nilipoyaona yamefuatana kwenye daftari nilihisi mwasho, ule wa mtu aliyesikia watu wakinong'ona chumba cha pili. Kisha Jumapili moja, baada ya maua, mama akaongeza jambo nje ya mpango wake: "Unitumie udongo ya kula, ile banauzisha kwa soko ya Beni. Ni ya jirani. Anasema ya kwetu haina ladha."

Nilinunua vipande sita, nikavifunga kwenye gazeti. Kahindo alivitazama, akajipiga pajani.

"Jirani! Masika, unajifunza uzazi ya nini? Mama yako iko na mimba."

Nilijua kwamba ni kweli papo hapo, na papo hapo nilijua pia kwamba siwezi kumwuliza. Binti hamwulizi mama yake habari za tumbo. Na mama aliyepita miaka arobaini, mwenye binti mkubwa chuoni, anaitembeza mimba yake kama mtu aliyebeba kuku wa wizi. Mama angejibu kitu cha viazi, simu ingekatika, na Jumapili inayofuata tungeoneana haya sote wawili. Wiki mbili nilizunguka na swali hilo mdomoni. Chuo ndicho kilichoniokoa. Mwalimu wetu wa uzazi alitugawia karatasi za maswali: kila mwanafunzi amfuate mama mmoja mjamzito hadi ajifungue, aandike anachosema, kisha tujadili darasani nani azalie kwenye santé, zahanati ya karibu, na nani apelekwe hospitali mapema.

"Mama," nikasema Jumapili ile, "huko hakuna mama mwenye mimba nimufuate kwa simu? Ni juu ya masomo."

Mashine ya kinu iliendelea kunguruma. Nilisikia Paluku akikohoa kikohozi cha mtu anayezuia kicheko.

"Iko mumoja," mama akasema mwishowe. "Mais hapendi bataje jina yake. Uliza, nitamuuliza."

Ndivyo tulivyofanya. Nilimwuliza kama miguu ya huyo mama inavimba, na mama, bila kuvuta hata pumzi, akajibu kwamba jioni inavimba kidogo. Nilimwuliza kama analala vizuri. Hapana, mtoto anacheza usiku. Umemwuliza saa ngapi? "Iko hapa karibu yangu," mama akasema, na safari hii Paluku alishindwa, akacheka hadi simu ikaanguka. Sijawahi kuwa karibu na mama yangu kama majuma yale tulipozungumza habari zake kama za mtu mwingine. Aliniambia mambo ambayo nisingethubutu kuyasikia kutoka kwake: kwamba huyo mama ana hofu, kwamba anaamka alfajiri kuhesabu kama mtoto amecheza. Kisha tukafika swali la saba.

"Aseme hii ni mimba ya ngapi."

"Ya tano."

"Na batoto bangapi bako bazima?"

"Batatu. Mumoja alikufa siku ya pili. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Andika hivyo."

Niliandika hivyo, na nilipokata simu nikacheka peke yangu. Tulikuwa watatu, kwa hiyo mimba hii ilikuwa ya nne. Mama, nilijiambia, ameongeza mtoto mmoja marehemu ili nisimtambue, mama mjanja huyo. Nilichukua kalamu nyekundu, nikakata tano na kuandika nne. Nikakata na yule aliyekufa siku ya pili. Nilitaka karatasi yangu iwe na ukweli, na ukweli wa kwetu nani angeujua kunishinda? Mwalimu aliisoma darasani: mimba ya nne, watoto wote hai, hakuna alama ya hatari. Mama huyu azalie santé ya kijijini kama kawaida. Niliupeleka uamuzi huo Jumapili kama zawadi.

"Mwalimu amesema ule mama hana shida. Si lazima hospitali."

"Amesema hivyo? Umemusomea yote?"

"Yote."

"Basi," mama akasema. "Nitamwambia."

Kwa furaha niliyokuwa nayo nilinunua kitambaa cheupe na uzi wa buluu sokoni. Masista wa lisé walitufundisha kutarizi, na hilo ni jambo moja la lisé ambalo mikono yangu haijalisahau. Jioni mbili nilikaa mlangoni na sindano huku Kahindo akisonga bugali. Pembe moja nilishona Kasereka, akiwa mvulana. Pembe ya pili Kavira, akiwa msichana, kwa kuwa wa kike wa kwanza ni mimi. "Na kama ni mapasa?" Kahindo aliuliza. Nikamwambia mapacha watajifunika mablanketi yangu ya sakafuni. Nilikituma kitambaa kwa mama mmoja mchuuzi aliyeleta viazi vya kwetu Beni kila wiki, na ndani nikaweka karatasi: "Mama, umpe yule jirani. Akizaa, afumue jina lisilo la mtoto wake."

Jumapili iliyofuata nilikaa na daftari tayari, nikitabasamu kama mjinga.

"Viazi iko," mama akasema. "Mbuzi iko. Siye tuko." Akakata.

Hakusema habari ya kwaya wala ya watu wala ya maua. Hakuuliza kama nakula. Niliutazama ule mstari mmoja kwenye karatasi, na nikakumbuka kwamba katika maisha yangu yote habari ya mama ilikuwa fupi hivyo mara moja tu. Ilikuwa lisé, wiki ya mtihani wa serikali. Paluku alileta gunia la viazi, hakunitazama usoni, na ndani ya gunia kulikuwa na karatasi ya mama: "Habari ni nzuri. Fanya mtihani." Nilinuna siku ile, nikidhani mavuno ya maharage yamemnyima nafasi ya kuniandikia.

Kahindo alichukua daftari kutoka mkononi mwangu, akafungua ile karatasi ya maswali niliyoikunja ndani yake, akaona wekundu.

"Juu ya nini umekata hii?"

"Mama alikuwa anajificha. Aliongeza mutoto."

Kahindo hakucheka. Aliifunika sufuria kwanza, akakaa kitandani kwake.

"Mutu mwenye anajificha anabadilisha jina, Masika. Anabadilisha kijiji. Nani anajificha na mutoto mwenye alikufa? Weye ni mutu wa wapi?"

Sauti ya mjane ilitoka upande wa pili wa mbao, akiwafukuza kuku. Nilikaa nikaanza kupanga kama mtu anayeokota maharage yaliyomwagika. Likizo ya Pasaka ya mwaka ule nilibaki lisé kurudia masomo, kwa hiyo tangu Krismasi sikuwa nimemwona mama. Karatasi fupi. Paluku asiyenitazama. Kitalu cha maua chenye mawe pembeni, kirefu kidogo kuliko mkono wangu, cha kumtosha mtoto wa siku mbili. Niliona haya, haya ya kweli. Halafu ikaja hofu, maana nilikumbuka nilichomwambia kuhusu hospitali.

Jumamosi nilipanda lori hadi Butembo, na kutoka hapo pikipiki hadi nyumbani, mvua ikinipiga njia nzima. Mama alikuwa jikoni akimenya viazi, tumbo lake mbele yake mchana kweupe, na hakujaribu kulifunika. Aliuliza nimekuja na nani, nikasema peke yangu. Aliuliza kama nimekula, nikasema hapana, ingawa Butembo nilikula mkate. Alinipakulia viazi na maharage vilivyopikwa pamoja, vile vya kwetu, vilivyopondeka kidogo chini. Nilikuwa nimeviota miezi mingi na sasa sikuweza kumeza. Moshi ulituzunguka. Mama aliendelea kumenya, ganda refu lisilokatika, na ndiye aliyeanza.

"Ulikuwa na examen," alisema. "Baba yako alitaka batume mutu akuite. Nilikataa. Nilisema akilia sasa, mwaka yote itapotea. Kiisha ukarudi na furaha, umefaulu, nikasema nitamwambia kesho. Kesho ikapita. Kesho ingine ikapita. Nikaona ni aibu sasa, nitaanzia wapi?"

Nilijua maneno ya kumwambia mtu aliyefiwa. Tulifundishwa hata chuoni. Lakini kilichonitoka ni tabia yangu ileile.

"Alikuwa namna gani?"

Kisu kikasimama. Mama alinitazama, na uso wake ukalegea, karibu na kutabasamu.

"Hakuna mutu aliniulizaka ile," alisema. "Banasemaka pole, banasemaka Mungu atakupa mwingine. Vidole yake ilikuwa mirefu, kama ya baba yako. Alipiga chafya mara mbili. Alikuja upesi, hapa nyumbani, sikupata nafasi ya kutoka. Na alikuwa anaguna, sikiliza, hivi: nh, nh, nh. Kama muzee mwenye bamemunyima kiti. Siku mbili alikuwa anaguna tu. Nilikuwa minacheka, minamwambia, weye unakasirikia nani?"

Nilishika ukingo wa benchi. Wiki mbili kabla tulikuwa tumejifunza kwamba mtoto mchanga anayeguna hivyo hapati hewa. Mama alikuwa akinipa kitu kitamu kuliko vyote alivyobaki navyo, na mimi nilisikia ndani yake ugonjwa. Sikumwambia. Sikumwambia hata siku moja hadi alipokufa, na sijutii.

"Na kitambaa?" niliuliza.

"Nilisoma Kasereka, nikasema, amejua. Nani amemwambia? Nikafurahi, Masika. Nilifikiri umemushonea yeye." Akarudi kwenye kiazi chake. "Kiisha nikasoma ile karatasi. Nikaelewa haujue."

Hapo nililia, na sikulia vizuri, nililia kwa makamasi na kelele hadi Kambale akachungulia mlangoni na kufukuzwa. Nilipoweza kusema nilimwambia kwamba nilikata maneno yake, kwamba mwalimu alijibu karatasi ya uongo, kwamba lazima aende hospitali kabla ya siku zake na mtoto azaliwe penye mashine ya hewa. Mama alikataa. Alisema mwalimu amesema hana shida. Alisema santé iko karibu, hospitali utaenda kulala huko wiki mbili kama mgonjwa, nani atachunga viazi? Hasira yake ilikuwa ya mtu mwenye hofu, na ndiyo iliyonitisha zaidi. Basi nikatoa karatasi mpya ya maswali kwenye mfuko, nikaiweka juu ya goti.

"Tuanze tena," nikamwambia. "Jina ya ule mama."

Mvua ilikuwa imepungua, kuku wakatoka chini ya kitanda cha kuni.

"Andika Mama Masika," mama alisema.

"Mimba ya ngapi?"

"Ya tano. Batatu bazima. Mumoja alikufa siku ya pili, alikuwa anaguna." Alisubiri hadi kalamu yangu ikasimama. "Soma nisikie."

Nilimsomea bila kukata neno. Aliniambia atakwenda hospitali, lakini Paluku amwagilie maua kila siku isiyo na mvua, na asiyakanyage.

Siku ilipofika nilikuwa Beni kwenye mitihani ya mwisho wa mwaka. Paluku alipiga simu asubuhi, Jumanne, siku isiyo ya habari. "Masika, mama ameingia maternité. Amesema nikuambie hata kama uko na examen. Amesema nikuambie hivyo hivyo." Nilifanya mtihani wa anatomia nikirudia kusoma kila swali mara tatu, na kila mara nilimshukuru mama. Jioni akapiga tena: "Ni mwanaume. Ni Kakule. Mais anaguna, bamemutia mupira ya pumuzi." Siku ya pili Paluku alisema yuko vilevile. Usiku ule Kahindo alikuja kulala kitandani kwangu pamoja na joto lote lile, na mjane upande wa pili wa mbao, ambaye tulidhani hatusikii kama sisi tulivyomsikia, alimtaja mtoto wa Musienene katika sala zake hadi nikapitiwa na usingizi. Siku ya tatu simu ililia saa sita mchana. Nilisikia kelele za hospitali, vyombo, watu, halafu sauti ya mama ikipaaza kama zamani.

"Masika? Unanisikia? Minaanza. Viazi, baba yako ndiye anatoa, anaharibu tu. Mbuzi imevunja kamba imeingia kwa katekista. Kwaya balikuja kuniimbia hapa, bakasimama wote mbele..."

Sikungoja watu wala maua. Niliposikia viazi nilijua mtoto anapumua, nikakaa chini mlangoni nikilia, na mama akaendelea na mpango wake hadi mwisho, akasema Kakule ametoka kwenye mpira tangu asubuhi, analia hadi mlinzi wa hospitali amekasirika, na maua, Paluku anasema, yametoa mengine manne.

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika katika kusimulia, na Kakule alikuwa amekaa juu ya kifuniko cha sanduku, mtu mzima mwenye ndevu, kitambaa kimelala magotini mwake. Niliwahi kumwomba mama anirudishie kitambaa nifumue na kushona jina la Kakule, naye alisema ametia mahali, atakitafuta, na nilimwacha. Sasa nilikichukua kutafuta pembe ya pili. Kavira haikuwepo. Nilikiinua dirishani na nikaona matundu madogo ya sindano, yamepangana, herufi kwa herufi, mahali uzi ulipotolewa kwa subira bila kukata hata uzi mmoja wa kitambaa. Mama alikuwa amefanya kama nilivyomwandikia: akizaa, afumue jina lisilo la mtoto wake. Na kwa mwaka mzima, kila Jumapili baada ya viazi na mbuzi, alikuwa amenipa habari za watoto wake wote, hakumruka hata mmoja, na mimi nikaandika "maua".

Kakule alinyoosha mkono, nikampa. Alikikunja kwenye mikunjo yake ya zamani, akakirudisha ndani ya mfuko wa nailoni na kufunga mafundo mawili.

"Iko na mwenyewe," alisema.

Jioni Kambale alipiga simu kutoka Beni kutaka habari. Nilitoka nje nyuma ya jikoni, chini ya mti wa avoka, ambako siku hizi simu inashika. Nilianza na viazi.